Mlima Kenya Haupandwi kwa Ujasiri Mtupu

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja za jioni, vijana saba wa mtaa wetu wa Jericho walinijia nyumbani wakiwa wamebeba magunia mawili. Waliyafungua papo hapo uani, wakamwaga chini vitu walivyonunua Gikomba asubuhi hiyo: majaketi ya rangi kali, viatu vyenye meno kama magurudumu ya trekta, soksi nene, glavu, na mwavuli mmoja ambao hakuna aliyeweza kunieleza ulikuwa wa kazi gani. "Mzee," akasema mmoja wao, "tuko tayari. Januari tunapanda Mlima Kenya. Wewe ulipata kupanda, hebu tuambie kama kuna kitu tumesahau."

Nilivitazama vile vitu nikavisifu, kwani vilikuwa vizuri na bei yake ilikuwa ya kusikilizana. Kisha nikawauliza maswali matatu. Mtalala usiku mara ngapi njiani? Wakajibu, mara mbili. Nani kati yenu amewahi kulala mahali palipo juu kuliko Limuru? Hakuna. Na je, mmoja wenu akiumwa na kichwa usiku wa manane huko juu, atamwambia nani? Hapo wakaangua kicheko. Kijana mrefu, mchezaji wa mpira ambaye kila Jumapili namwona akikimbia katika uwanja wa Camp Toyoyo, akanijibu kwa niaba ya wenzake: "Mzee, sisi ni watu wa Eastlands. Kichwa ni kitu gani?"

Jibu hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika makala haya.

Nisieleweke vibaya. Simo miongoni mwa wale wanaodai kwamba mlima ni wa wazungu na wa matajiri, na kwamba mtoto wa Makongeni hana haja ya kwenda kujitesa kwenye baridi hali baridi ya Julai hapa Nairobi yamtosha. Maneno hayo nimeyasikia katika vibanda vya chai tangu ujana wangu na sijapata kuona maana yake. Mlima ule ni wetu. Asubuhi isiyo na mawingu, ukipanda juu ya ghorofa yoyote ndefu ya Umoja au Kayole kabla jua halijawa kali, utauona kwa macho yako mwenyewe upande wa kaskazini, umesimama kama jino. Mwaka 2020, magari yalipopungua barabarani na moshi nao ukapungua, picha zake zilizopigwa kutoka Nairobi zilienea kote, na wako watu waliobisha kwamba zimebuniwa. Wakabisha! Mtu amezaliwa hapa, amekulia hapa, na hajui kwamba akisimama kwenye kamba yake ya kuanikia nguo aweza kuuona mlima ulioipa nchi yake jina. Na siku ya uhuru, 12 Desemba 1963, ni Mkenya, Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera yetu katika kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Basi asituambie mtu kwamba si mahali petu.

Kwa hiyo vijana na waende. Ninalouliza ni wanaendaje. Maana naona kwamba siku hizi kujiandaa kumekuwa ni kununua. Kijana akishapata jaketi na viatu, na picha yake akiwa amevaa jaketi na viatu ikishaonekana na marafiki, huona maandalizi yamekwisha. Kumbe hata hayajaanza.

Hebu tufanye hesabu ndogo, ile tuliyokuwa tukifanya kwa chaki zamani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ukiondoka Machakos Country Bus kwa matatu ya asubuhi, ukashika njia ya Naro Moru, jioni ya siku hiyo hiyo waweza kuwa umelala kwenye kambi ya Met Station, mita 3,048. Siku ya pili waingia bonde la Teleki, kwenye kambi ya Mackinder, mita 4,200. Usiku huo huo, saa nane au saa tisa, waamshwa uende Lenana upate kuona jua likichomoza. Yaani katika saa 48 hivi mwili umetolewa mahali ulipozoea ukapelekwa mahali ambapo kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Mombasa. Kila pumzi uvutayo yaleta hewa pungufu. Moyo waenda mbio hata ukiwa umelala. Usingizi hauji, chakula hakiliki, kichwa chagonga kama cherehani.

Madaktari wanaoshughulikia mambo haya wana kanuni ambayo si siri, na yafaa kila kijana aikariri kabla ya kukariri bei ya viatu: ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kutoka usiku mmoja hadi mwingine, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika. Tazama sasa safari ya vijana wetu: kutoka 3,048 hadi 4,200 kwa mruko mmoja. Ni zaidi ya maradufu ya kipimo. Mlima Kenya una hila yake hapo. Barabara yafika karibu sana, vilima vyake vya chini si vikali, na mwenye miguu yenye nguvu aweza kufika juu mapema mno, kabla mapafu na ubongo havijapata habari kwamba wamehama.

Hili nalisema kwa sababu lilinipata. Katika miaka ya themanini, nikiwa kijana wa kazi katika karakana moja ya Industrial Area, tulikusanyika kumi na moja, wengi wetu wa Makongeni na Mbotela, tukaenda kwa njia hiyo hiyo na kwa mwendo huo huo. Aliyetupangia safari alitwambia siku tatu zatosha, na kwa kuwa siku tatu ndizo tulizopewa likizo, tulimwamini kwa furaha. Usiku wa pili, bondeni kwa Teleki, kichwa kiliniuma hata nikaona nyota zinacheza. Nilinyamaza. Pembeni yangu alilala rafiki yangu, mbeba mizigo mwenye kifua kama mlango wa godauni. Alianza kukohoa tangu jua kutua. Tukamtania. Tukasema amezoea vumbi la saruji, hewa safi yamsumbua. Yeye mwenyewe akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Saa nane tulipoamshwa alisimama, akapiga hatua nne za mlevi, akaketi kwenye jiwe. Alikuwa akihema kama mtu aliyetoka kukimbia, naye hakuwa amekwenda popote. Tulibishana tumpe chai au tumpe dawa ya kichwa. Alikuwapo mpagazi mmoja, mzee mfupi wa Naro Moru, ambaye tangu tuondoke kwenye lango hakuwa amesema maneno ishirini. Hakutuuliza neno. Alimwekea sikio mgongoni, akasikiliza, akachukua mzigo wake, akamshika mkono na kumgeuza uso chini ya mlima. "Huyu anashuka sasa hivi," akasema, "na nani mwingine anaumwa?" Tukatazamana. Sisi kumi, na kwa jinsi nilivyokuja kujua baadaye, sita kati yetu tulikuwa tukiumwa. Hakuna aliyefungua kinywa.

Rafiki yangu alipona. Kufika kwenye Met Station alikuwa tayari anazungumza vizuri, na hilo ndilo jambo la ajabu katika maradhi haya: kushuka ndiyo dawa, tena hufanya kazi upesi. Maji yalikuwa yameanza kujaa katika mapafu yake. Angelala pale mpaka asubuhi tungeteremsha maiti. Nami nilifika Lenana, nikapigwa picha, na hadi leo nikiitazama picha ile sikumbuki hata kitu kimoja nilichokiona huko juu.

Sasa wasomaji wataona kwa nini kicheko cha wale vijana kilinichoma. Mtaa umetulea kwa sheria moja ambayo haikuandikwa popote: usionyeshe kwamba unaumia. Mtoto akianguka uwanjani huambiwa ainuke. Kijana akiibiwa kwenye matatu husema simu yenyewe ilikuwa mbovu. Mwanamume akifutwa kazi, kila asubuhi huvaa shati lake na kutoka ili majirani wasijue. Sheria hiyo imetusaidia kuishi, sikatai. Lakini ukiibeba ukavuka nayo mita 3,000 yaweza kukuua, kwa sababu kule juu mtu wa kwanza kujua kwamba kuna hatari ni yule anayeumwa, na asiposema hakuna mwingine atakayejua mpaka aanze kuyumba.

Basi ningekuwa mimi mwenye kuwapanga vijana hawa, jambo la kwanza ningewafundisha ni kusema. Kila jioni kambini wakae duara, kila mtu aulizwe na ajibu mbele ya wenzake: kichwa? tumbo? umekula? umelala? unakohoa? Na wakubaliane mapema, wakiwa bado hapa Jericho na akili zao timamu, kwamba mwenye kichwa kisichopoa hapandi zaidi, na mwenye kukohoa huku akihema amekaa kitako, au kuyumba, au kusema maneno yasiyoeleweka, anashushwa saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa giza, na hashuki peke yake. Wakubaliane nani atashuka naye. Hayo yakiamuliwa huku chini hakuna atakayeona haya huko juu.

Wala mtu asidhani kwamba miguu ya mpira itamwokoa. Mchezaji wetu mrefu alishangaa nilipomwambia kwamba katika kundi lao yeye ndiye ninayemhofia zaidi. Afya njema haizuii ugonjwa wa mwinuko. Mwenye nguvu huenda mbio, hufika mapema na hupanda haraka kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea, hali yule shangazi mnene anayevuta hatua na kupumzika kila baada ya jiwe la tatu hufika jioni akiwa na hamu ya kula. Kiongozi mwenye busara humtanguliza mwenye mwendo wa polepole, wote wengine wakamfuata nyuma.

Nikaja kwenye fedha, maana hapo ndipo penye mfupa. Niliwauliza vijana kwa nini usiku mara mbili tu. Wakasema ni gharama: kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa siku, mpagazi na kiongozi hulipwa kwa siku, chakula ni kwa siku. Ni kweli. Mwenye fedha hununua siku tano au sita, maskini hununua tatu, na kwa njia hiyo maskini huuziwa kichwa kinachouma. Lakini nikawauliza tena: haya majaketi je? Yalikuwa saba, na fedha zake zingelipia usiku mmoja wa ziada kwa kundi zima na chenji ikabaki. Nikawaambia wauze majaketi wanunue usiku. Walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Bado nasimama papo hapo. Kuna majaketi ya kukodi pale mlimani, na sweta mbili za sufi chini ya koti la mvua zafanya kazi ile ile, lakini usiku haukodishwi.

Ningewapeleka kwa njia ya Sirimon, ambayo hupanda kwa upole zaidi. Walale Old Moses, mita 3,300, usiku mara mbili; siku ya pili wapande juu mchana wakiwa na mzigo mwepesi, wale chakula huko, kisha warudi kulala pale pale. Ndipo waende kambi ya Shipton, mita 4,200, na hapo pia wakae siku nzima kabla ya kufikiria kilele. Bado ni haraka kuliko kanuni ya madaktari, lakini si wazimu.

Na mazoezi? Hapa nacheka, kwani mazoezi ya mlima tumeyakalia hapa hapa tukilalamika. Nenda Umoja, Kayole au Pipeline siku ambayo maji hayapandi. Mama anayepanda ghorofa sita akiwa amebeba mtungi wa lita 20, ambao ni kilo 20 kamili, kisha akashuka kuchukua mwingine, anafanya kazi ambayo wenye fedha wanailipia katika vyumba vyenye vioo huko Westlands. Nimewaambia vijana wangu waende wawasaidie akina mama hao. Waanze na nusu mtungi ndani ya begi la mgongoni, jioni tatu kwa juma, wapande na kushuka mpaka jasho likauke lenyewe. Kushuka ndiko kunakovunja magoti, hilo huwa halisemwi. Kila Jumapili watembee saa sita au saba wakiwa wamevaa viatu vile vile watakavyopandia, kwa kuwa kiatu kipya na mlima ni malengelenge. Katika hili mtumba wa Gikomba, ambao mtu mwingine amekwisha kuulainisha, ni bora kuliko kiatu cha dukani. Wakishazoea waende vilima vya Ngong, mita 2,460, waitembee migongo yote mpaka mwisho na kurudi. Kisha Ol Donyo Sabuk. Kisha Longonot, mita 2,776, na wauzunguke mdomo wake wote. Majuma kumi ya mambo hayo yatawapa miguu. Hewa haiwezekani kujizoeza hapa Nairobi. Hiyo itazoewa huko huko kwa subira.

Kuhusu nguo nitasema machache. Suruali za jinzi ziachwe nyumbani, maana pamba ikilowa haikauki na hunyonya joto la mwili. Na kwenye njia ya Naro Moru kuna kinamasi cha mteremko ambacho kitakulowesha hata siku ya jua. Sufi hata ikiwa na maji hukupa joto kidogo. Boshori la kufunika masikio, tochi ya kichwani, mfuko wa kulalia mnene kweli kweli na sponji ya kutandika chini, kwani ardhi ya usiku ni barafu. Mwavuli nimeutwaa mimi.

Chakula, hata hivyo, chastahili neno, kwa sababu niliona katika orodha yao kilo mbili za maharagwe na kilo mbili za mahindi. Githeri mlimani! Maji huchemka kwa joto la chini kadiri unavyopanda. Hapa Nairobi huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Pale mita 4,200 huchemka kwa nyuzi 86 hivi na hayazidi hapo hata ukiongeza moto mpaka gesi ikwishe. Maharagwe utayapika tangu asubuhi hadi jioni na bado yatakulia kama kokoto. Wabebe vitu vinavyoiva upesi au vilivyokwisha kuiva: mchele kidogo, tambi, uji wa unga laini, chapati zilizopikwa hapa nyumbani, njugu karanga, sukari guru, supu, na chai, chai, chai. Wanywe maji hata wasipoona kiu. Na pombe wasiiguse, wala dawa za usingizi. Viko vidonge viitwavyo acetazolamide ambavyo husaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini hivyo ni vya kuandikiwa na daktari, si vya kununua kwa kuwa jirani amesema.

Ipo hadithi ya kweli niliyowasimulia jioni ile, nao waliipenda kuliko mahubiri yangu yote. Wakati wa vita vikuu vya pili, palikuwa na kambi ya wafungwa wa Kiitaliano huko Nanyuki, chini ya mlima kabisa. Wafungwa watatu, Felice Benuzzi, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, waliamua kutoroka, si kwa kukimbilia kwao, bali kwenda kupanda mlima na kurudi. Hawakuwa na duka wala fedha. Kwa miezi kadhaa walijiandaa kwa siri: nyundo zilizoibwa zikafuliwa zikawa vishoka vya barafu, vyuma vikuukuu vikawa meno ya viatu, katani ya vitanda ikasukwa kamba, mablanketi yakashonwa nguo, na kila mlo wakijinyima kidogo wawekeze akiba. Ramani yao kubwa ilikuwa picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Januari 1943 wakatoroka. Walishindwa na Batian, lakini walisimika bendera yao Lenana, na baada ya siku 18 wakarudi wenyewe langoni. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yake, wakatumikia saba, kwa kuwa mkuu wa kambi aliuheshimu ushujaa wao. Benuzzi alikuja kuandika kitabu kuhusu safari hiyo, na wazungu wengi wapanda milima wamekisoma.

Nilipofika hapo kijana mmoja, fundi wa Kamukunji anayepiga masanduku ya bati, alisema hata yeye angeweza kufua kishoka kama hicho kwa siku moja. Simbishii. Wazee wa Kaloleni nao husimulia kwamba nyumba zao za mawe zilijengwa kwa mikono ya wafungwa wa Kiitaliano wa vita hivyo hivyo, kwa hiyo mikono ya watu wale si migeni huku kwetu. Lakini mimi sikuwasimulia kwa ajili ya nyundo. Niliwasimulia kwa ajili ya Barsotti. Alikuwa mgonjwa. Alipofika kambi ya juu hakuweza zaidi, naye baada ya miezi yote ile ya kujinyima alikubali kubaki hemani, akawangoja wenzake wawili wapande na kurudi. Alikubali. Hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyeona kwamba Barsotti hakupanda mlima.

Vijana walinyamaza kidogo, kisha wakakusanya magunia yao wakaaga. Nilidhani basi. Baada ya robo saa mlango ukabishwa. Alikuwa mmoja wao, mdogo kuliko wote, yule ambaye jioni nzima hakuwa amesema kitu. Akasimama mlangoni akikunja kofia yake. "Mzee," akasema, "dada yangu ana selimundu. Mimi sijawahi kupimwa. Hawa wenzangu hawajui."

Nilimketisha. Nikamweleza ninachokijua: kwamba mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu hafai kwenda mahali penye hewa hafifu kama pale, kwa kuwa chembe zake za damu hujikunja na kuziba mishipa pale hewa inapopungua, kwamba mtu anayebeba tu chembechembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja kwa kawaida huishi bila shida yoyote, lakini wako waliopanda juu wakashikwa na maumivu makali ubavuni upande wa kushoto, kwenye bandama, na kwamba kipimo ni cha damu kidogo tu. Katika mitaa yetu zimejaa familia zilizotoka sehemu za ziwa na za magharibi ambako ugonjwa huu ni wa nyumbani, nami najiuliza ni safari ngapi za mlimani zimeanza hapa bila swali hilo kuulizwa hata mara moja. Nikamwambia apimwe kabla ya kulipa shilingi yoyote. Akasema kupimwa si tatizo. Tatizo ni wenzake. Wakijua watamwacha.

Sikuwa na jibu la hilo. Nilimpa chai akanywa akaenda zake.

Alhamisi jioni nilikuwa nikitoka dukani nikawakuta kwenye ngazi za ghorofa moja karibu na Barabara ya Rabai, wote saba, mabegi mgongoni, mitungi ndani, wanapanda na kushuka huku watoto wakiwahesabia. Mrefu alikuwa nyuma kabisa, kwa makusudi, na haikuwa rahisi kwake. Yule mdogo ndiye aliyekuwa mbele. Akaniambia, akihema, kwamba amewaeleza. Alikwenda kliniki Jumatano akatolewa damu, na majibu yatatoka Jumanne. Fedha za kiingilio bado ziko kwa mshika hazina wao, na ni yule mrefu aliyesema zisiguswe mpaka siku hiyo.